Mtutu Wangu, Kitako Chake

Jumatano, 12 Agosti 1998

Naomba radhi kwa kimya. Mara ya mwisho nilipoandika humu theluji ilikuwa imefika kwenye ngazi ya baraza, nami niliahidi kuandika kila wiki. Sikuandika hata neno. Ningeweza kuisingizia nyonga mpya niliyowekewa mwezi wa Machi, lakini nyonga haishiki kalamu. Nilikuwa mvivu, basi.

Msimu wa kuwinda kindi unafunguliwa Jumamosi. Leo nimeutoa mtutu wa bunduki kabatini, nikaufungua kutoka kwenye blanketi lake na kuusafisha. Huwa naanzia nyuma, upande wa chemba ambamo risasi hukaa, nikisukuma kitambaa kuelekea mbele. Siuanzii mdomoni hata siku moja. Fimbo ikiukwaruza mdomo, risasi haitakwenda unakotaka. Halafu tone moja la mafuta, si mawili. Mafuta mengi hugeuka gundi, na bunduki inayojipakia yenyewe haipendi gundi.

Kwa kuwa sijui nani atasoma maneno haya nikishaondoka, nieleze kwa nini ninao mtutu tu. Bunduki ya Baba hugawanyika sehemu mbili. Unavuta kikufuli kilicho chini, unazungusha robo duara, na mtutu unatoka. Baba alipofariki, mimi na mdogo wangu Harlis tulikuwa hatusemezani. Sababu yake haina maana tena, na kila mmoja anaikumbuka kivyake. Baba aliniachia mimi mtutu. Harlis alimwachia kitako cha mbao pamoja na mashine yake, yaani kifyatulio na pini. Mwanasheria alitusomea: “ili asipige mmoja bila mwenziwe.” Tulitoka pale tumenuna. Agosti ile Harlis alisimama mlangoni pangu na kitako chake ndani ya gunia la unga, akasema, “Haya, lete bomba lako.”

Amekuja kila Agosti tangu hapo.


Jumamosi, 15 Agosti

Tumefungua msimu. Joto lilikuwa kali tangu alfajiri na kupe walikuwa wengi kupita kiasi. Tulikaa chini ya miti ya hikori, ile izaayo njugu ngumu, juu ya Kijito cha Caney, na maganda ya njugu yalitudondokea kama mvua nyepesi. Ndiyo dalili kwamba kindi wako juu wanakula.

Mimi huanza kupiga kwa sababu ndimi mkubwa. Natumia mkono wa kushoto, na bunduki hii hutupa maganda ya risasi chini, si pembeni, kwa hiyo hainitupii moto usoni. Hunitupia ndani ya mkono wa shati. Nimevaa mpira kwenye kifundo cha mkono.

“Bado unavaa hiyo kamba ya kufungia maharage?” Harlis aliuliza.

“Bado unavaa hiyo kofia?”

“Kofia hii inaleta bahati.”

“Italeta chawa kwanza.”

Nilimwangusha kindi mmoja kwa risasi ya kwanza. Ya pili ilikwama. Ganda tupu lilibaki ndani ya chemba, na mashine ikajaribu kuingiza risasi mpya nyuma yake. Ilinibidi nilichokonoe kwa kisu cha mfukoni. Ilikwama tena kabla ya saa nne.

“Mtutu wako umezeeka, Dada,” Harlis alisema.

“Una umri uleule wa kitako chako.”

“Kitako hakikwami.”

Kabla ya kuondoka tulifanya kama tunavyofanya siku zote. Nilihakikisha kwamba hamna risasi, nikaielekeza ardhini, nikavuta kifyatulio: klik. Sisi tunaita kulaza springi. Baba hakuwahi kuiweka bunduki ikiwa imekaza, maana springi inayokaa imekaza huchoka. Kisha tuligawana, kila mtu na nusu yake. Harlis aliokota ganda la risasi iliyomwangusha kindi wa kwanza akalitia mfuko wa shati. Mimi nilitia langu la pili. Baba alikuwa na ganda mfukoni msimu mzima, na sisi pia huwa nalo hadi Februari.


Jumatatu, 17 Agosti

Joto. Nimekaanga kindi na kupika mchuzi mzito wa unga. Nyama ilikuwa ngumu.


Jumamosi, 22 Agosti

Imekwama tena, mara nyingi kuliko wiki iliyopita. Ya kushangaza zaidi ni kwamba Harlis amekosa. Kindi alikuwa amekaa juu ya tawi akijikuna kama mtu anayesubiri kupigwa picha, na Harlis akamkosa mara mbili. Alitazama bunduki, akanitazama mimi.

“Huu mtutu haupigi moja kwa moja tena.”

“Kwangu unapiga.”

“Kwako una upendeleo.”

Sikucheka. Harlis alipokuwa kijana aliweza kuipiga njugu ikaachia kikonyo.


Jumamosi, 29 Agosti

Amepiga simu kusema haji. Mgongo, alisema. Nilipomuuliza ni upande gani wa mgongo, alifikiri kwanza.


Jumamosi, 5 Septemba

Tumekwenda kwa Delmer Fugate, anayetengeneza bunduki kwenye banda lililo nyuma ya duka la chakula cha mifugo. Nilimfundisha Delmer Kiingereza kwa miaka miwili. Kila ninapoingia bado huzima redio.

Aliunganisha nusu zetu, akazitenganisha tena, akaweka mtutu chini ya taa na kuutazama kwa kioo cha sonara.

“Mwalimu, njoo uone. Huu hapa ukingo wa chemba. Unaona hicho kibonde? Chuma kimesukumwa ndani. Ganda likilipuka linatanuka, linajifunga hapo, halitoki.”

“Kimesukumwa na nini?”

“Pini. Risasi hizi ndogo hupigwa ukingoni, si katikati. Ukivuta kifyatulio na hamna kitu ndani, pini inakwenda kugonga mtutu wenyewe. Huwa mnaifyatua ikiwa tupu?”

Harlis alisema kwamba tunalaza springi kila jioni, kama Baba.

“Basi ndiyo hiyo,” Delmer alisema kwa upole. Hakupenda kulisema mbele yangu.

Nilimwambia kwamba Baba aliilaza springi tangu alipoinunua bunduki ikiwa mpya, kila jioni ya kila msimu, hadi akafa, na haikukwama hata mara moja. Ikiwa kulaza springi ndiko kulikouharibu mtutu, ungeharibika mikononi mwake kabla ya kufika kwangu. Delmer alikubali kwamba hoja ina nguvu. Ila kibonde kipo, alisema.

Njia ni mbili. Ana chombo cha chuma kigumu, chembamba kama penseli, ambacho husukumwa ndani ya chemba ili kurudisha chuma mahali pake. Huenda kikafaa, huenda kisifae. Au aagize mtutu mpya wa aina ileile, kwani bado zinatengenezwa, naye ataurekebisha ukae vizuri kwenye kitako cha zamani.

“Agiza mpya,” Harlis alisema kabla sijafungua kinywa.

Tulivuka daraja katika gari lake. Nikamwambia, “Ukiwa na mtutu mpya juu ya kitako chako, utakuwa na bunduki nzima.”

“Ndiyo maana ya mtutu, Dada.”

“Na mimi nitabaki na nini?”

“Nani kasema…” Alikuwa akiendesha polepole mno, katikati ya barabara, na lori la magogo lilikuwa likitupigia honi nyuma. Aliniteremsha langoni na hakuzima injini.

Naandika haya nikiwa na hasira, na hasira si mshauri mzuri wa sentensi. Lakini jambo lenyewe liko wazi. Bila bunduki hiyo hatuna cha kuzungumza. Tuna siasa mbili, makanisa mawili na kumbukumbu mbili za mama mmoja. Kitu pekee kinachomleta mlangoni pangu ni bomba la chuma lililo kabatini kwangu. Leo amesema anataka lingine.


Jumanne, 8 Septemba

Ukame. Kijito kimebaki madimbwi.


Jumamosi, 12 Septemba

Hakuja. Sikupiga simu.


Alhamisi, 17 Septemba

Nimemwona dukani akinunua maharage. Alinipita kwenye njia iliyo kati ya rafu za makopo kama mtu asiyenijua. Nilisimama pale na mtungi wa siki mkononi. Sijawahi kumwona Harlis akiwa na kiburi cha namna hiyo.


Jumapili, 20 Septemba

Asubuhi ilikuwa na baridi ya kwanza. Nilifungua sanduku la nguo nzito kutafuta sweta, na chini kabisa nikakuta koti la Baba la kuwindia. Nilikuwa nimesahau kwamba ninalo. Bado linanuka tumbaku na mafuta ya bunduki.

Katika mfuko mdogo wa kifuani kulikuwa na ganda. Hilo halikunishangaza, kwani Baba alikuwa na ganda mfukoni siku zote. Nilitaka kulirudisha. Kidole kilihisi kitu, nikalipeleka dirishani.

Ganda la risasi yetu hupigwa mara moja tu. Pini hugonga ukingo, baruti inalipuka, mwisho. Ganda la kawaida lina alama moja. Hili la Baba lina alama pande zote za ukingo, moja baada ya nyingine, zimeshikana mpaka limekuwa kama gurudumu la saa. Alama nyingine zimepigwa juu ya nyingine.

Nilikaa kitandani. Nilijaribu kufikiria ganda linawezaje kupigwa mara nyingi hivyo. Risasi hailipuki mara mbili. Kwa hiyo lilipigwa likiwa tupu. Na lilipigwa likiwa tupu kwa sababu mtu alilirudisha ndani ya chemba kwa makusudi kila jioni, akaligeuza kidogo, akavuta kifyatulio.

Baba alilaza springi juu ya ganda. Pini iligonga shaba laini badala ya chuma. Kisha alilitoa ganda na kulitia mfukoni, ili awe nalo kesho.

Sisi tulikuwa watoto, tumesimama nyuma ya mgongo wake. Tulisikia klik. Tuliona mkono ukienda mfukoni. Lililofanyika katikati hatukuliona, maana mgongo wake ulikuwa mpana. Tukawa watu wazima, tukarithi klik na tukarithi ganda mfukoni, tukavishika vyote viwili kwa uaminifu mkubwa. Tulidhani ganda ni la kumbukumbu.


Jumapili hiyohiyo, jioni

Nimempigia simu. Nilimweleza mwanzo hadi mwisho.

“Kwa hiyo tumezunguka na dawa mfukoni,” alisema, “na mgonjwa tunampiga nyundo.”

“Ndivyo.”

“Angetuambia.”

“Alidhani tunaona.”

Akacheka kicheko chake cha zamani. Nilitaka kumuuliza kuhusu dukani lakini sikuuliza. Nilisema tu kwamba kesho napeleka mtutu kwa Delmer ajaribu chombo chake, na kwamba huenda mtutu mpya hautahitajika.

“Nimeshauagiza, Dada,” alisema.


Ijumaa, 25 Septemba

Mvua hatimaye, mabaki ya dhoruba kutoka Ghuba ya kusini kwetu. Paa la banda la kuni linavuja.


Jumatatu, 28 Septemba

Delmer amemaliza. Aliingiza kile chombo kidogo kidogo, akikizungusha, akiangalia kwa kioo, akiingiza tena. Chuma kimerudi. Kibonde bado kinaonekana ukiweka jicho karibu, kama kovu lililopona, lakini ganda linaingia na kutoka kwa uzito wake lenyewe. Nilimwonyesha ganda la Baba. Alilishika kwa vidole viwili, akaligeuza ukingo wake wote.

“Siku hizi wanatumia vizibo vya plastiki vya ukutani,” alisema. “Vile vya njano, vya kushikia skrubu. Vinaenea sawasawa humo ndani. Lakini hili ni zuri zaidi, Mwalimu.”

Niliuliza kama ule mtutu mpya anaweza kuurudisha walikoutengeneza. Alisema anaweza, ila aliyeuagiza ni Harlis, na kwamba nizungumze naye. Alisema hivyo akitazama chini, kama alivyokuwa akitazama nilipomuuliza kazi ya nyumbani iko wapi.


Jumamosi, 3 Oktoba

Siku nzuri. Majani ya hikori yamekuwa ya njano, ya mialoni bado yanasitasita. Bunduki imepiga asubuhi nzima bila kukwama hata mara moja. Maganda yalianguka miguuni mwangu moja moja, ya moto, kama zamani.

Harlis amekosa kila risasi.

Nilikaa nyuma yake kidogo, mahali nisipokuwa nimezoea kukaa, na nikamtazama yeye badala ya kuwatazama kindi. Hatazami mbele. Anageuza kichwa pembeni, kama kuku anayekagua punje, kisha anarudisha jicho kwenye shabaha na anapiga. Mara moja alilenga fundo la mti kwa muda mrefu na kulipiga katikati kabisa. Lilikuwa pigo safi sana.

“Umepiga fundo, Harlis.”

“Kindi alikuwa juu yake.”

“Hapakuwa na kindi.”

“Niliona wawili.”

“Alikuwepo mmoja, kwenye mti mwingine.”

“Basi nimemkosa yule wa pili.”

Nilicheka, naye akacheka. Kisha akafuta macho kwa mkono wa shati, na nikakumbuka njia ya makopo dukani. Hakunipita kwa kiburi. Hakuniona. Nilikuwa nimesimama hatua chache mbele yake, katikati, palepale ambapo macho yake hayaoni tena.

Tulipomaliza nilitoa ganda la Baba, nikaliingiza, nikalielekeza pale palipobaki nafasi kidogo kati ya alama mbili, nikavuta. Sauti ni tofauti. Ni nzito kidogo, na haina ule mlio wa chuma kwa chuma. Harlis aliinamisha kichwa.

“Hiyo,” alisema. “Hiyo ndiyo sauti yenyewe. Nilidhani ni masikio yangu yaliyobadilika.”

Sikumwambia lolote kuhusu macho. Nilimfuata kwa gari langu hadi kwake, nikisema nataka kuona nyanya zake za mwisho. Hazikuwepo nyanya.


Jumapili, 11 Oktoba

Twyla, binti yake Harlis, amenipigia simu kutoka Lexington.

“Shangazi, Baba amekuambia?”

“Kuniambia nini?”

Nilisikia akivuta pumzi. Daktari amesema sehemu ya katikati ya kila jicho imeharibika na haitarudi. Amenyang’anywa leseni ya kuendesha tangu Julai. Na anahamia kwa Twyla. Wiki ya kwanza ya Novemba, Twyla na mumewe watakuja na gari la kubebea vitu.

“Tangu Julai anasema atakuambia mkiwa msituni,” Twyla alisema. “Kila Jumapili namuuliza, ananiambia kindi walikuwa wengi.”

“Na bunduki?”

“Shangazi, nina wawili walio chini ya miaka mitano. Bunduki haiingii kwangu. Nimemwambia hivyo na hajabisha.”

Nilimwambia kwamba yuko sahihi, maana yuko sahihi. Kisha nilikaa na simu mapajani. Mtu anayejua tangu Julai kwamba haoni, na kwamba anakokwenda bunduki haiingii, anaagiza mtutu mpya wa nini?


Jumatano, 14 Oktoba

Nimefagia majani. Upepo umeyarudisha.


Jumamosi, 17 Oktoba

Mvua. Hatukwenda. Nilimpelekea supu ya maharage na mkate wa mahindi. Tulizungumza juu ya paa la banda langu. Alinielekeza namna ya kulitengeneza, vizuri kabisa, akichora hewani kwa kidole. Sebule yake imejaa maboksi yaliyofunikwa kwa shuka, kana kwamba nami ndimi nisiyeona.


Jumamosi, 24 Oktoba

Umande uliganda kwa mara ya kwanza. Nitaandika yote, hata ikinichukua hadi chakula kipoe.

Nilimfuata kwa gari kabla jua halijachomoza. Alikuwa ameketi barazani na gunia lake la unga mapajani. Hakuuliza kwa nini nimekuja kumchukua. Tulipanda polepole, mimi na nyonga yangu na yeye na mkono wake begani mwangu, akisema ni kwa sababu ya utelezi. Ardhi ilikuwa kavu na ngumu kama sahani.

Nilipiga mmoja. Nikampa bunduki. Hakuinua.

“Wewe piga,” alisema. “Mimi nitasikiliza.”

Basi nilipiga, naye alisikiliza. Alinionyesha kindi wawili ambao sikuwa nimewaona, kwa kusikia tu kucha zao kwenye gome. Baadaye jua lilipofika kwenye mti wetu alisema, “Twyla ni mropokaji.”

“Alidhani najua.”

“Ulitakiwa ujue.” Aliokota njugu, akaibinyabinya. “Kila nilipotaka kusema, ile bunduki ilikwama. Halafu ulianza kuichokonoa na kisu na kuisomesha. Nikaona si wakati wake.”

“Tangu Julai, Harlis.”

“Ilikwama sana.”

Nilimwambia hasira yangu yote basi, bila kuipunguza. Nilimwambia kwamba alipomwambia Delmer aagize, nilielewa kwamba amechoka kuja mlangoni pangu. Alinigeuzia uso. Hakunitazama mimi, alitazama kando yangu kidogo. Sasa najua kwamba ndivyo anavyonitazama.

“Ulidhani nataka bunduki nzima? Mimi? Nikapige taa za barabarani za Lexington?”

“Sasa wa nini?”

“Wako. Mtutu mpya ni wako. Na kitako nakuachia. Delmer ataviunganisha, utakuwa na bunduki nzima isiyokwama, na hutamhitaji mtu wa kukuletea nusu.” Alipangusa kamasi kwa mgongo wa mkono. “Nilitaka uukute kwa Delmer nikishaondoka. Lakini wewe huwezi kuachiwa jambo likae.”

“Na huu wa zamani?”

Aliigeuzageuza njugu vidoleni.

“Nilitaka kukuomba huo,” alisema. “Twyla hataki bunduki ndani. Nilimuuliza, na mtutu peke yake? Akafikiri. Akasema mtutu peke yake si bunduki, ni bomba. Bomba linaweza kuingia.” Aliinua njugu akainusa. “Kitako siwezi kuingia nacho, kina mashine. Nusu yangu ndiyo isiyoruhusiwa. Inayoruhusiwa ni yako. Ningeiweka kando ya kitanda, basi. Kitu cha kushika.”

Nilikuwa nimeutunza mtutu ule tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nikidhani kwamba ndio unaomleta. Sikuwahi kufikiri kwamba anaupenda.

“Utaupaka mafuta?” nilimuuliza.

“Tone moja.”

“Na utaanzia wapi?”

“Nyuma, Mwalimu,” Harlis alisema. “Kila mtu hapa bondeni anajua ni nyuma. Umetutesa vya kutosha.”

Tulilaza springi juu ya ganda la Baba. Harlis ndiye aliyevuta.


Jumapili, 1 Novemba

Kanisani wamemwombea Harlis, ingawa si kanisa lake. Alikuja, akakaa karibu nami, na aliimba beti kwa mpangilio wa kanisa lao. Sikumrekebisha.


Jumamosi, 7 Novemba

Wameondoka leo asubuhi.

Twyla na mumewe walipakia maboksi. Harlis alisimama uani akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Nilikuja na mtutu katika blanketi lake. Jana jioni niliusafisha kwa mara ya mwisho, kisha nikaliingiza ganda la Baba ndani ya chemba na kulisukuma kwa kidole gumba mpaka likakaa. Limeenea kama kizibo cha chupa. Nilimwongoza kidole chake hadi pale, nyuma, akalizungusha akihesabu meno kimyakimya.

“Hili ulitakiwa ubaki nalo,” alisema.

“Ni dawa ya mtutu. Liende na mgonjwa.”

Akanipa gunia la unga. Kitako ni kizito kuliko nilivyokumbuka. Sikuwahi kukibeba peke yake.

“Delmer kaniambia mtutu mpya umefika,” alisema. “Nenda ukauchukue, Dada. Msimu una miezi mingine mitatu. Usije ukaniwekea hicho kitako bure kabatini, unanisubiri Agosti. Mimi na Agosti hatujaandikiana mkataba.”

“Barabara ya Lexington inapitika pande zote mbili,” nilisema.

“Kwa anayeendesha.”

“Twyla anaendesha.”

“Shangazi,” Twyla alisema kutoka garini, “mimi nimo humu, nasikia.”

Harlis alipanda. Mtutu aliusimamisha katikati ya magoti, ndani ya blanketi, kama mtu aliyebeba mwavuli. Alipunga mkono kando yangu kidogo, upande wa kulia, kwenye mti. Nilisogea nikasimama pale alipopunga.


Jumatatu, 9 Novemba

Nimekipangusa kitako. Vanishi imeisha pande zote mbili. Upande mmoja ni shavu langu, la mkono wa kushoto. Upande wa pili ni lake. Sikuwahi kuuona vizuri upande huo, kwa kuwa kila nilipoishika bunduki ulikuwa umegeukia kwingine. Wake umelika zaidi, mpaka mbao inang’aa kama kijiko.

Delmer alipiga simu mchana. Mtutu mpya uko mezani kwake, na anasema umekaa vizuri juu ya kipimo chake, kilichobaki ni kumletea kitako. Nikimpelekea, Jumamosi naweza kupanda mwenyewe juu ya Caney na kula kindi hadi Februari. Harlis ndivyo anavyotaka, na ameshughulika nao pasipo kuniambia, kwa macho yale. Nisipompelekea, hapa nina kipande cha mbao na mashine, kule ana bomba, na hakuna apigaye bila mwenziwe, ila sasa kati yetu kuna mwendo wa saa mbili na nusu badala ya bonde moja. Huenda Agosti akaja. Huenda asije, na nitakuwa nimekataa zawadi ya mwisho aliyoweza kunipa.

Nilimuuliza Delmer anaweza kuuweka hadi lini. Alisema, “Hadi utakaponiambia, Mwalimu.” Nikamwuliza kama angekuwa yeye angefanya nini. Alisema hilo halikuwa kwenye mtihani.

Theluji imeanza kudondoka, nyepesi, haikai. Nimekifunga kitako katika gunia la unga na kukiweka kabatini, pale pale palipokuwa mtutu. Mlango wa kabati hauwezi kufungika, kwani kitako ni kipana. Nimeuacha wazi. Sijaamua, na sitaki kuandika kwa kubahatisha. Nitakapokuwa nimemjibu Delmer, nitaandika humu nilichomwambia, na safari hii sitakawia.